Wawili Tuliobaki Kitongojini

Mtu akipita leo kwenye mji wetu mdogo, upande wa Kikoneni, akaona maduka ya mabati, msikiti, kanisa na kinu cha kusagia mahindi, atadhani palikuwa hivi tangu zamani. Mimi nilipokuwa mwanamwali palikuwa pori. Kulikuwa na maboma machache ya Wadigo, letu likiwa moja, tena yameachana mbali. Tulilima muhogo, na bondeni tukapanda mpunga, na jioni tukawaogopa ndovu.

Kisha serikali ikapima ardhi, ikakata mashamba, na watu wa bara wakaanza kuletwa kwa malori. Wazee wetu hawakufurahi. Ami yangu aliapa kwamba hatamjibu salamu mgeni yeyote aliyepewa ardhi ya baba zake, na kwa miaka mingi hakumjibu.

Katika lori mojawapo alishuka mwanamke Mkamba, rika langu, tumbo mbele, kuku mkononi wamefungwa miguu. Mumewe alikuwa amepewa shamba linalopakana na letu. Hakujua Kiswahili zaidi ya "maji" na "asante". Alipojifungua hakuwa na mama wala shangazi karibu, mama yangu akanituma nikamkande maji ya moto. Nilikwenda bila ami kujua. Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilimfundisha kukuna nazi. Aliponiona nimekaa juu ya mbuzi alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye akanifundisha kutwanga mahindi yakatoka maganda, akayapika na kunde, muthokoi, chakula ambacho mume wangu alikikataa mwezi mzima kisha akawa anakidai.

Watu waliongezeka. Soko likaja, skuli ikajaa hata watoto wengine wakasomea chini ya paa la makuti. Korosho zilikuwa na bei. Siku za soko ungesikia Kidigo, Kiduruma, Kikamba na Kitaita, na wote wakigombana kwa Kiswahili. Nilidhani mji ukishaanza kukua haurudi nyuma.

Bei ya korosho ikaanguka, vijana wakateremka Ukunda na Diani kutafuta kazi za hoteli. Wanangu walikwenda, wa yule jirani yangu Mkamba pia. Wakija huzungumza haraka haraka, nusu Kiingereza, na macho yapo kwenye simu. Waliobaki hapa ni watu wazima na wajukuu wanaolelewa na bibi zao, na wajukuu nao wakimaliza skuli huondoka. Mume wake alifariki, wangu akafuata. Kwenye kitongoji chetu tukabaki sisi wawili, na katikati yetu ua wa minyaa.

Mwaka wa sensa mwenzangu alikuwa ameshikwa na homa, nikamleta kwangu alale ili nimwangalie. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, akaja binti wa kuhesabu watu, amebeba tableti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Akauliza waliolala nyumbani ule usiku wa sensa. Nikamwambia ni mimi na huyu. Akauliza kabila langu, nikamwambia Mdigo. Akamgeukia mwenzangu.

"Mkamba," akajibu, amejifunika leso.

Binti akatutazama. "Sasa huyu ni nani wako, bibi? Ni lazima niandike uhusiano."

Nikataka kusema jirani. Neno hilo lilikuwa dogo. Mwenzangu akajiinua kwa kiwiko. "Andika dada. Mimi na huyu tumezikiana waume. Unataka nini tena?"

Binti akasita, kisha akabonyeza. Sijui alichoandika. Alipotoka tulicheka, na jioni ile homa ilimpungua akanywa uji.

Haukupita muda mrefu mwana wa mwenzangu akaja na gari kumchukua, ili akaishi naye bara. Alisema mama hawezi kukaa peke yake. Nilitaka kumwambia hayuko peke yake, lakini alikuwa mwana na mimi sikuwa ndugu wa damu. Mwenzangu alizunguka shamba zima akigusa mikorosho. Kisha akanishika mikono.

"Mimi naenda kwetu, na kwetu sikujui," akaniambia. "Waliokuwa wananijua wamekufa wote."

"Nenda upumzike. Nitakupigia."

Nilimpigia kila Ijumaa baada ya sala. Mwanzo alilalamikia baridi, akasema huko wanamwita mtu wa pwani kwa sababu hupika kwa nazi. Alinitaka nimweleze nani amezaliwa, nani amehama, duka gani limefungwa, nami nilitembea mji mzima siku za Alhamisi nikikusanya habari za kumpa. Nyumba yake ilianza kuezuka. Mwanawe akaliuza shamba kwa mtu wa mbali, ambaye mpaka leo hajaja kulilima.

Mwaka uliopita akaanza kunisahau. Nikijitaja, alijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Baadaye Kiswahili kikamtoka. Ijumaa moja niliposema assalamu alaikum akaanza kuzungumza Kikamba, maneno mengi, kwa sauti ya msichana mwenye haraka. Miaka yote ile yeye ndiye aliyejifunza lugha ya kuzungumza nami. Mimi sikujifunza yake, hakuwahi kunilazimisha.

Nilikaa barazani nikamsikiliza. Nilikamata neno moja, lile la chakula chetu cha kutwanga, nikalirudia kwa nguvu: "Muthokoi!" Akacheka, akaendelea. Hatimaye mke wa mwanawe aliichukua simu.

"Amechoka sasa, mama. Utapiga siku nyingine."

Nikamwambia inshallah. Uani palikuwa kimya, mbuzi walikuwa bado malishoni. Nikaingia ndani kukoka moto, nikapika wali kidogo, wa mtu mmoja.