Bia Iliyosubiri Kingstanding

Watu wakiniuliza Uingereza ilinipa nini, huwaonyesha ukuta wa ofisi yangu. Diploma ya usimamizi wa biashara iko pale, ndani ya fremu ya mbao niliyoichagua mwenyewe, na kupitia dirisha lililo kando yake wanayaona malori yangu yakipakia soda na bia za kupeleka Nakuru nzima. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nilikwenda Birmingham na sanduku moja na koti la kuazima, nikarudi na elimu na mtaji. Nayasema haya bila haya kwa sababu ni kweli. Lakini yuko mtu mmoja niliyetaka kurudi naye, na hakurudi. Habari yake imefungamana na bia moja ya Kimarekani, bia ya bei ya chini, ambayo wateja wangu wengi hapa hawajawahi kuiona.

Wakati huo nilikuwa nikikaa Aston, katika nyumba za safu, chumba cha juu. Mchana nilifanya kazi kwenye ghala la vinywaji kule Nechells, nikiendesha gari la kunyanyulia mizigo, na jioni nilikwenda darasani. Yeye alikuwa muuguzi. Tulikutana kanisani, mahali ambapo Wakenya wengi wa mji ule walikutana, wengine kwa ajili ya Mungu na wengine kwa ajili ya chapati za baada ya ibada. Alikuwa na kicheko cha chinichini, kama mtu anayecheka ndani ya mtungi, na hakupenda kuharakishwa katika jambo lolote. Baada ya mwaka hivi akanipeleka Kingstanding kwa baba yake mdogo, mzee aliyefiwa na mke, aliyekuwa ndiye mzazi wake upande ule wa bahari.

Mzee yule alikuwa amekwenda Marekani kijana, kusoma. Fedha zikamwishia, akaosha vyombo, mwishowe akaishia Birmingham katika kiwanda cha magari hadi akastaafu. Sebuleni kwake kulikuwa na picha moja tu ya ujana wake: amesimama kwenye theluji na wenzake wawili, kila mmoja ameshika mkebe wa bia.

"Unaona huo mkebe?" aliniuliza siku ya kwanza. "Hiyo ilikuwa bia ya watu wa mfuko mwembamba. Wapiga rangi, wafagizi, na sisi wanafunzi. Wenye hela hawakuigusa."

"Ilikuwa nzuri, Mzee?"

"Nani alikuambia ilikuwa nzuri? Nimesema ilikuwa yetu."

Alisema hajaionja tangu aondoke kule. Alikuwa ameiulizia katika maduka ya Birmingham miaka na miaka, watu wakimtazama tu. Nikaiangalia sana ile picha: mkebe mweupe, utepe mwekundu, maandishi ya mikunjo kama ya makopo ya biskuti za zamani.

Haikupita hata miezi mingi, mkebe ule ule ukanijia ghalani. Ulikuja ndani ya shehena ndogo ya majaribio, na mwenye ghala, Mwingereza mwenye mashaka na kila kitu, hakutaka hata kuupangia nafasi. Nani atanunua bia hafifu kutoka ng'ambo, alisema, wakati hapa bia hafifu tunazo tele? Mimi nilikuwa nimeona alichokuwa hajaona. Vijana wa vyuo vya sanaa, wale wa ndevu na mashati ya mirabamiraba kama ya makarani wa zamani, walikuwa wameanza kuvaa kofia za madereva wa malori na kutafuta vitu vya watu wa kipato cha chini wa enzi ya babu zao. Kwetu mtu akipata mshahara jambo la kwanza ni kuikimbia pombe ya rahisi. Wale walipata mshahara wakaanza kuitafuta. Nikamwambia mwenye ghala aagize zaidi, nikamweleza kwa nini, kwa maneno niliyojifunza darasani. Akaagiza. Kabla ya mwaka kwisha mabaa yaliyofunguliwa katika karakana kuukuu yalikuwa yakiuza mkebe ule kwa bei ya bia ya mabwana, na yule mwajiri akanitoa kwenye mizigo akanipa meza ya ofisini. Hiyo nayo ni kweli, na haiko kwenye diploma.

Kwa hiyo siku ya kwenda kuposa ilipofika sikuwa na la kufikiria. Ningempelekea mzee bia yake.

Nilihitaji msemaji, maana kwetu mwanamume hajisemei. Sikuwa na ndugu pale. Nikamwomba jirani yangu wa chumba, Mzanzibari mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa swala tano na maneno laini.

"Kusema nitasema," akaniambia. "Nitasema mpaka huyo mzee wako atoe machozi. Lakini kubeba hayo makatoni, bwana wee, sibebi."

"Yatakaa nyuma ya gari. Wewe utakaa mbele."

"Basi tufungue na madirisha."

Tukaenda Kingstanding Jumapili mchana, madirisha wazi, tukitetemeka. Wazee wachache wa kanisani walikuwa wamekwisha kuketi. Mzanzibari akaanza kwa adabu zote: tumepita njiani, tumeona ua katika nyumba hii.

"Ua?" mzee akamkatiza. "Hapa Kingstanding? Hapa panaota majani tu, na kuyafyeka ni mimi."

"Basi baba, tumeyapenda majani."

Watu wakacheka. Nikaingiza katoni, nikaziweka katikati ya sebule. Mzee akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya yale maandishi ya mikunjo kama mtu anayesoma kaburi.

"Mmeitoa wapi hii?"

"Imerudi, Mzee," nikasema, ingawa haikuwa zamu yangu kusema.

"Nani kairudisha?"

"Vijana wa kizungu."

"Wamepatwa na shida gani?"

"Hawana shida yoyote, Mzee. Ndiyo sababu wanaipenda."

Sasa, kwetu Wakikuyu bia ya posa hainywewi kwa kuwa tu imeletwa. Huwekwa mbele ya wazee, kisha binti huitwa na kuulizwa mbele ya wote: hii tuinywe? Akisema ndiyo, yeye ndiye hupiga funda la kwanza, halafu humpa baba yake. Akikataa, hubebwa ikarudi ilikotoka. Na asipojibu, hukaa pale ilipo, na hakuna mkono unaoruhusiwa kuifungua.

Akaitwa. Alitoka jikoni akijipangusa mikono, amevaa gauni la kijani ambalo hadi leo nikifumba macho naliona. Mzee akamuuliza. Sauti ilimtetemeka kidogo, na kila aliyekuwepo alijua hakutetemeka kwa ajili ya ndoa peke yake.

"Naweza kuuliza kabla sijajibu?" akasema.

"Uliza, mama."

Akanigeukia mimi. "Nikiinywa hii, tutakaa wapi?"

Mzanzibari akaingilia. "Mtakaa pazuri, dada yangu, kwa uwezo wa Mungu."

"Sijakuuliza wewe, kaka."

Nikajibu mwenyewe. Nilisema nyumbani. Nilisema nikimaliza masomo ninarudi Kenya, nitafungua biashara yangu, nitajenga, na ninataka turudi pamoja. Nilisema kwa kujiamini, kwa kuwa nilikuwa na mpango na mpango ulikuwa mzuri.

Aliziangalia zile katoni kwa muda. "Basi ziwekeni kwanza, Baba," akasema. "Bado nafikiri."

Zikawekwa. Mzee alizibeba mwenyewe hadi kwenye banda la vyombo vya bustani nyuma ya nyumba, akazifunika na turubai, na majira ya baridi yote zikakaa humo.

Nilikuwa nikimtembelea mara kwa mara. Alikuwa akinipokea mlangoni na kuniambia, "Leo nimeenda kuzitazama," kama mtu anayezungumzia mgonjwa. Siku moja nilimletea mkebe mmoja kutoka ghalani, nje ya zile, auonje tu. Akaurudisha mikononi mwangu.

"Nikinywa huu nitakuwa nimempita binti. Niache nisubiri kama wewe."

"Mzee, wewe umesubiri tangu ujana."

"Basi nimezoea. Wewe ndiye unayenihurumisha."

Binti naye hakuniepuka. Jumamosi alikuja Aston, tukatembea mpaka karibu na uwanja wa mpira siku za mechi, tukipigana vikumbo na watu wenye skafu, akinishika mkono wa koti nisipotee, ingawa nilikuwa nikizijua njia zile kuliko yeye. Mara moja nilimpeleka kwenye mojawapo ya mabaa yale ya karakana kuukuu, nimwonyeshe kazi yangu. Kila meza ilikuwa na mikebe ile myeupe. Nilijivuna, sikatai. Nikamwagizia mmoja. Akausogeza kando kwa kidole kimoja.

"Hapana. Nikiuonja hapa utasema nimejibu."

"Hii ni ya baa. Ile ni ya nyumbani kwenu."

"Bia ni ileile." Akaagiza soda. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba wiki nyingi. "Unajua kule nitakuwa nani? Nitakuwa mke wa yule aliyetoka Uingereza. Hapa ninaingia wodini, daktari anasimama ananiuliza mimi mgonjwa ameamkaje. Nina ufunguo wa mlango wangu. Nikichelewa kurudi, hakuna anayeniuliza nilikuwa kwa nani."

"Na mimi hapa ni nani?" nikamuuliza. "Hata na hiyo meza niliyopewa, wakija wageni wanadhani nimeingia kuzoa takataka. Kule nitakuwa mimi."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana bado nafikiri."

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Tulikaa pale katikati ya vijana waliokuwa wakinywa umaskini wa watu wengine kwa furaha, kila mmoja wetu akiwa na haki, na mkono wake ukiwa juu ya wangu.

Diploma ikatoka. Nilifaulu vizuri, na mwajiri akaniomba nibaki, akaniahidi cheo. Nilikuwa nimekwisha kulipia kiwanja Nakuru. Nikamwambia mzee kwamba siku zangu zinakaribia, naye akatuita tena, Jumapili, wazee walewale, Mzanzibari yuleyule. Katoni zikatolewa bandani zikiwa na unyevu pembeni. Binti akaja akiwa amevaa nguo za kazi, kwa sababu alikuwa anaingia zamu jioni.

"Mama," mzee akamwambia, "hii tuinywe?"

Alinitazama mimi wala si yeye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasahau yote isipokuwa jina lake.

"Baba, isinywewe," akasema. "Nampenda, nataka mlisikie hilo nyote. Lakini sirudi."

Akaingia jikoni. Tukasikia bomba la maji likifunguliwa, likamwaga maji mengi kuliko anayoyahitaji mtu.

Mzanzibari akaaga kwa niaba yangu, kwa maneno mazuri, siyakumbuki. Nikabeba katoni kurudi garini. Mzee akanifuata hadi kando ya barabara, na mikono yake ameifunga nyuma.

"Sasa hii ni bia ya nani?" akaniuliza.

"Yangu, Mzee."

"Si ya binti tena?"

"Si ya binti."

"Basi nikaribishe, mwanangu. Usiende na yote."

Nikapasua katoni moja nikampa mkebe, nami nikachukua wangu, ili asinywe peke yake. Mzanzibari akatupa mgongo akawa anatazama nyumba za upande wa pili kama anayetaka kununua moja. Mzee akafungua, akanywa, akafumba macho. Nilifikiri atalia. Akameza, akanywa tena.

"Ni maji," akasema. "Yalikuwa maji wakati ule na ni maji leo." Akaumaliza mkebe wote, akaomba mwingine. Mimi wangu nikaushusha bila kuumaliza, maana pazia la jikoni lilikuwa limesogezwa, naye alikuwa amesimama pale akitutazama tukiinywa.

Nilirudi. Nilijenga, kama nilivyosema nitajenga, nyumba ya mawe yenye bati la rangi na veranda inayozunguka pande tatu. Sijutii jibu nililompa siku ile sebuleni, na nikiulizwa leo nitalitoa hilohilo. Yeye bado yuko Birmingham. Mzee aliniambia kwa simu, kabla hajafariki, kwamba binti amepandishwa cheo tena. Nilifurahi. Kisha nikakaa verandani hadi chai ikapoa.

Ijumaa ndiyo siku yenye shughuli nyingi hapa kwangu, kwa sababu familia zinakuja kuchukua bia za posa za Jumamosi. Huja wakiwa wamevaa vizuri, wanabishana kuhusu idadi ya kreti, kijana mwenyewe kasimama nyuma akitoa jasho. Nawapakilia, nawatakia heri. Sijawahi kumuuliza kijana hata mmoja kama wamekubaliana watakaa wapi. Jumatatu wanarudisha kreti ili wapate amana yao, na kazi ya kuzipokea nina wafanyakazi wanaolipwa kuifanya, lakini huwa natoka ofisini nazipokea mwenyewe. Nazinyanyua kutoka kwenye gari moja moja. Zikiwa nyepesi, chupa zikigongana ndani, najua kwamba binti alikubali.