Mama Rimoti na mlango aliofungua bila kukusudia

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu amesimama juu ya ngazi ndani ya gereji ya nyumba moja. Mkono wake umeishika mota iliyofungwa darini. Anabonyeza kitufe kidogo cha njano, taa inawaka. Ana sekunde thelathini tu za kuiunganisha na rimoti.

"Sasa bonyeza mara mbili," anamwambia mwenye nyumba, aliyesimama chini na rimoti mpya. "Usiikandamize kama unaua mende. Iguse tu."

Mlango wa chuma unanguruma na kupanda. Mwenye nyumba anapiga makofi. Fundi anageuka haraka kutazama milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine, mpaka aridhike kwamba yote imetulia.

"Tabia mpya hiyo," anasema akishuka. "Nimeianza tangu siku ile."

Wateja humwita Mama Rimoti. Ana miaka arobaini na mitatu na watoto watatu. Kwa miaka kumi na mmoja amefunga mota za milango ya gereji na kuwatafutia watu rimoti mpya wanapopoteza za zamani.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, miezi minne iliyopita. Aliitwa na muuguzi mstaafu aliyepoteza rimoti yake sokoni. Muuguzi alikuwa ameshanunua nyingine ya bei poa. Muuzaji alimwapia kwamba inafungua mlango wowote.

"Nilimwambia, mama, rimoti haichaguliwi kwa sura. Lazima ielewane na mota."

Aliifungua kwa bisibisi, akamwonyesha swichi nane ndogo kama punje za mchele. Rimoti ya aina hiyo hutuma namba ileile siku zote, na fundi hutakiwa kuzipanga swichi upya kwa kila nyumba, kwenye rimoti na kwenye mota. Hizi zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani, zote chini. Mota ya muuguzi ilikuwa ya kisasa, ya rimoti zinazobadilisha namba kila zinapobonyezwa.

Ili kumthibitishia, akabonyeza. Mlango haukutikisika.

"Nikamwambia, umeona? Hawasalimiani hawa."

Ndipo wakasikia mngurumo nyuma yao. Ng'ambo ya barabara, mlango wa gereji ya jirani ulikuwa ukipanda wenyewe.

"Kwanza nilicheka," anasema. "Halafu nikaona nyayo za mtu. Amelala sakafuni, peku."

Muuguzi, mwenye miaka sitini na sita, alivuka barabara mbio, kandambili zikabaki njiani. Aliyelala pale alikuwa jirani yake, mzee anayeishi peke yake, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Alikuwa ameanguka tangu Jumamosi mchana akishusha ndoo ya rangi kwenye rafu. Nyonga ilivunjika. Simu ilikuwa chumbani.

"Mimi nilijua amekwenda kwa binti yake," anasema muuguzi. "Siku mbili napita pale na kikapu changu. Siku mbili!"

Mwalimu, ambaye sasa anatembelea fimbo, anasimulia taratibu. "Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nikajikokota hadi ukutani, kwenye swichi ya kufungulia mlango. Ilikuwa juu ya kichwa changu. Nainyoosha mikono, haifiki. Nikasema basi, ndiyo imetoka hiyo."

Wakati muuguzi akimlowesha midomo kwa kitambaa na gari la wagonjwa likisubiriwa, Mama Rimoti aliinua macho darini kuona ni mota gani iliyomwitikia. Ubavuni ilikuwa na karatasi iliyofifia yenye jina lake la utani na namba yake ya simu.

Alikaa chini pale pale, kwenye saruji.

"Mota ile niliifunga mimi, mwaka wa tatu wa kazi yangu. Ilikuwa jioni, nina haraka, nikaziacha swichi zake kama zilivyotoka kiwandani. Miaka minane, mwizi yeyote mwenye rimoti ya sokoni angeingia kwa Mwalimu. Na ningezipanga inavyotakiwa, angekufa. Hata sasa sijui nimshukuru Mungu au nimwombe msamaha."

Wiki tatu baadaye alikwenda hospitali kumwambia mzee ukweli wote.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anasema. "Halafu akaniambia, 'Mwanangu, umenikosea miaka minane ukaniokoa siku moja. Nenda kabadilishe hizo swichi kabla mwingine hajaja kuniokoa.'"

Alibadilisha siku hiyo hiyo. Kisha akaanza kuwarudia wateja wake wa zamani bila kuwatoza chochote. Kati ya nyumba mia mbili na kumi na nne alizofunga mota, ameshafika sitini na moja. Kumi na tisa alizikuta na swichi za kiwandani. Kila anapokwenda huongeza swichi ya pili ya kufungulia mlango ukutani, chini kabisa, karibu na sakafu.

Mumewe, fundi bomba, alimwonya kwamba anajichafulia jina. "Alisema, 'Mke wangu, nani atamwita fundi anayejitangaza alikosea?' Nikamjibu, basi wasiniite, nitakwenda mwenyewe."

Kuna nyumba thelathini na mbili ambazo namba za simu hazipatikani tena; wengine wamehama, wengine wameuza. Hizo amepanga kuzipitia kwa miguu kabla mwaka haujaisha, akibisha hodi kila mlango wa gereji anaoukumbuka.

"Wataniona nimechanganyikiwa," anasema, akiikunja ngazi. "Na waone. Mimi nataka wanifungulie tu."