Vigingi Vyekundu vya Mama

Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo, maana jirani yetu Mzee Kitundu bado yuko nje.

Nina shahada ya mipango miji na sina kazi. Juzi nilirudi nyumbani, Shelui, nikakuta vigingi vyenye ncha nyekundu vimenyooka uani, kuanzia barabarani hadi jikoni. Mama alikuwa msibani Ikungi. Ningempigia simu, ila niliogopa kumpandisha presha. Badala yake nilipima kwa hatua, nikachora ramani, nikajiridhisha kwamba barabara inapanuliwa hadi kwa jirani. Nikamfuata Mzee Kitundu.

"Shikamoo, mzee. Nyumba yako imo ndani ya eneo la barabara."

"Marahaba. Una uhakika, msomi?"

"Nimesomea, mzee."

Nikamshauri aokoe mabati kabla tingatinga halijafika.

Leo asubuhi mama alirudi, akakuta nusu ya paa la jirani iko chini, na mimi nang'oa mlango wa jiko letu.

"We mtoto, umerogwa?"

"Wanabomoa, mama! Huoni vigingi?"

"Vigingi nimepiga mimi! Si uliniahidi utanijengea njia ya mawe, na maua pembeni? Nimevipaka rangi iliyobaki ya dirisha, watu wasijikwae."

Mzee Kitundu alikuwa juu ya nyumba yake, ameshika bati, anasikia kila neno. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Misigiri.

Nikaanza kumweleza mzee kwamba kitaalamu, rangi nyekundu huwa na maana zaidi ya moja.

Mzee akaweka bati chini, akaanza kushuka.