Muuza Unene wa Mtaa wa Kongo

Tarehe 9 Januari 2023, Sophia Mwinyimvua alipanda mzani wa zahanati moja ya Buguruni na muuguzi akaandika kilo arobaini na saba. Afya yake ilikuwa njema kabisa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu Sophia alikuwa anauza vidonge vya kunenepesha.

Aliviuza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwenye meza ya vipodozi, kati ya mafuta ya nazi na nywele bandia. Vilikaa kwenye vipakiti vya nailoni visivyo na jina. Cheupe asubuhi, cha njano usiku, na baada ya muda mfupi, kwa maelezo yake, nguo zako zote unamwachia mdogo wako. Hakujua vimetengenezwa kwa dawa gani, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Wateja walikuwa na swali lao jingine.

"Sasa dada, mbona wewe mwenyewe umekondeana?"

"Mimi naviuza, sivili."

"Makubwa! Muuza maandazi anayeshinda na njaa."

Meza ya jirani ilikuwa ya Fortunata, Mchaga wa Rombo, ambaye wenzake humwita Mama Jovin. Yeye aliuza chai ya kupunguza mwili. Alikuwa na unene wa kuwatosha wanawake wawili na mabaki, lakini hakuna aliyemhoji. Mjini hapa mtu mnene huaminiwa.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe, Hashimu, ni fundi magari Buguruni, na kila arusi shangazi zake walimvuta pembeni kumuuliza kama mkewe anamlisha au anamwangalia tu. Hashimu alirudi amenuna. Sophia, aliyekuwa anakula vizuri na kulala vizuri, alionekana ushahidi wa ubahili wa mwanamume.

Mwezi wa Juni alifungua kipakiti kimoja, akaanza kujitibu maradhi ambayo hakuwa nayo.

Vilifanya kazi, lazima tuwe wakweli. Alimaliza wali maharage saa nne, saa sita akaagiza chipsi mayai, jioni akapika kwa ajili ya familia na kula kwa niaba yake. Uso ulijaa ukawa duara, tumbo likatangulia. Miguu na mikono ilibaki kama ilivyokuwa, lakini dera ni vazi lenye huruma. Biashara ikachangamka. Wateja hawakuuliza tena chochote; walimtazama mashavu, wakatoa hela.

Hashimu alizipokea pongezi zote yeye. "Mke akitulizwa, mwili unakuja wenyewe," aliwaambia mafundi wenzake. Bajeti ya jikoni alikuwa hajaiongeza hata kitunguu.

Kisha ukaja mfungo wa Ramadhani, mwaka 2024. Kufunga huku umemeza kidonge cha njaa ni adhabu ambayo hakuna sheikh aliyeiagiza. Sophia alilitambua hilo mapema, akavitupa vidonge vyote kwa mkupuo mmoja, akatia nia ya kufunga kwa amani.

Mwili ukaanza kumwishia. Alitapika, miguu ikakosa nguvu, kichwa kikawa chepesi. Wifi zake walisema saumu imemshika, atazoea. Hakuzoea. Wiki ya kwanza haijaisha, alianguka palepale mezani, kabla ya adhuhuri, akabebwa hadi hospitali.

"Anatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Dawa?" Hashimu alishangaa. "Daktari, hebu muone alivyonawiri. Mke wangu haumwi."

"Mama, unatumia dawa yoyote?"

"Hapana," Sophia alijibu kwa sauti ndogo.

Hakuwa anadanganya. Mtaani kwake dawa ni ya mgonjwa. Vidonge vya mwili ni vya mtu anayetaka kupendeza, kama wanja. Daktari akamtundikia dripu, akaagiza vipimo vya malaria na sukari. Presha ikaendelea kushuka.

Ndipo alipofika Fortunata. Alikuwa amefunga meza yake mchana kweupe, jambo ambalo kwa kawaida hulisubirisha hadi Krismasi. Alimwinamia jirani yake, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Najma, mwambie daktari."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unakula mzigo wako."

Sophia alimtazama Hashimu, aliyesimama mlangoni. "Mume wangu yupo, shoga."

"Yupo. Atakayekosekana ni wewe."

Sophia akamwita daktari. "Kuna vidonge. Cheupe asubuhi, cha njano usiku. Tangu Juni. Nimeviacha siku ya kuamkia mfungo."

Daktari alisema cheupe kinaelekea kuwa dawa kali ya pumu na uvimbe, ambayo hamu ya kula ni madhara yake, siyo kazi yake. Mwili ukiizoea unaacha kutengeneza kemikali yake wenyewe ya kuhimili shida. Ukiikata ghafla, unabaki mikono mitupu. Akaandika sindano ya kundi hilohilo la dawa.

"Yaani niliyoitupa ndiyo mnanirudishia?" Sophia aliuliza.

"Safari hii kwa kipimo, mama, na tutaipunguza kidogo kidogo. Na ina jina."

Mlangoni Hashimu alikuwa bado anafanya hesabu yake. "Kumbe siyo mimi?" aliuliza.

Sophia amerudi kwenye meza yake. Anauza mafuta ya nazi na nywele. Uso unarudi taratibu kwenye umbo lake la zamani, na juzi mteja mmoja alisimama kumsifia.

"Dada, umepungua vizuri! Ni hii chai ya jirani?"

"Ndiyo hiyohiyo," Fortunata aliwahi.

"Mama Jovin!"

"Nyamaza, shoga, tunauza."

"Sijanywa chai yoyote," Sophia alimwambia mteja. "Nilimeza vidonge vya kunenepa, vikataka kuniua."

Mteja alisikitika kwa dhati. Akatafakari. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Havijabaki hata kidogo?"

Havijabaki. Jumatatu Sophia anarudi kliniki, na dozi itapunguzwa tena.