Siku Walipopekua Nyumba Yetu ya Saio

Nani aliwaita? Nilijiuliza hivyo wazee wawili wa wafanyabiashara walipoingia uani kwetu, jioni, mtaa mzima wa Saio ukiwa umerudi kutoka sokoni.

Baba aliuza vitenge. Lori lenye mali aliyokopa lilitekwa kwenye njia ya kwenda Niania, naye akarudi kwa miguu; kisha vita vikaingia Bunia na duka likaporwa. Aliwaambia wafanyabiashara wenzake kwamba amebaki na nyumba tu. Kwao, wakikuamini, deni linalala mpaka amani irudi. Wakikuta umeficha kitu, nyumba inakwenda.

Lakini wengine waliofilisika hawakupekuliwa. Kwa nini sisi? Mtaani walinong'ona kwamba baba alirudi na dhahabu, na siku zile uvumi kama huo uliwaleta wenye bunduki mlangoni. Nilimshuku jirani muuza mafuta ya taa, aliyesimama uzioni kama yuko misani. Nilimshuku shangazi. Chuo kikuu nilichosoma kilikuwa kimefungwa. Kushuku ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Walitoa kila kitu nje: vitanda, sufuria, hadi nguo za mama. Mmoja akapasua godoro kwa kisu.

"Muzee, munatafuta zahabu ama kunguni?" nikamuuliza.

"Nyamaza, mutoto wa université. Kunguni nimeshapata."

Waliosimama uzioni wakacheka. Mwenzake hakucheka. Akamgeukia baba: "Na ngombe? Uliziweka kwa nani?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Kwetu mtu huwaachia ndugu na marafiki baadhi ya ng'ombe wake, kila zizi wachache, hata mkewe asijue wako wangapi. Nilimtazama baba. Hata mimi sikujua kama alificha wowote.

"Zote zilienda na wenye bunduki!" akajibu. "Muende muulize kwa ndugu zangu! Hapa hakuna kitu!"

Alipaza sauti mno. Mzee alikuwa karibu naye kiasi cha kunong'onezwa, na mtu anayesema kweli, nilifikiri, hapigi kelele hivyo.

Walikwenda kweli kuuliza kwenye mazizi ya ndugu zake. Hawakupata hata ndama. Nyumba ikabaki yetu, na wenye silaha walipokuja kuvunja milango mtaani, kwetu walipita tu. Sikumwamini baba hata hivyo.

Miaka mingi baada ya vita, baba akiwa ameshazikwa, mama aliniambia ni baba mwenyewe aliyewaomba wale wazee waje, tena jioni, mtaa mzima uone.