Ncha Iliyoachwa Wazi

Kabla ya kuwasha chochote, fundi wa kompyuta alipitisha vidole kwenye kebo yote, kutoka seva ya kwanza, kupitia makasha ya diski, hadi mwisho. Ndivyo afanyavyo kila akija kwenye maabara hii ya kupima mawe ya dhahabu huko Rwamgasa, na hakuna aliyewahi kufanikiwa kumharakisha. "Mama, washa basi," alisema meneja, Irfan. "Tangu Jumatatu diski hazionekani. Vipimo vya miaka sita vimo humo, na wachimbaji wanasubiri majibu nje." Fundi alijibu kwa sauti ya chini, "Bado." Irfan akatoka kwenda kuwatuliza.

"Kasha hili jipya ncha yake iko wazi," fundi alimwambia Asteria, karani aliyeliunga Jumatatu. "Bila kizibo cha kufunga mwisho wa kebo, ishara zinarudi nyuma na kuvuruga zinazokuja. Kiko wapi?" Asteria akaigeukia meza yake. Akafungua droo. "Ninacho, mama. Nilidhani hakina kazi." Fundi akakipuliza vumbi, akazimulika pini zake kwa tochi, akamrudishia. "Umefanya vizuri kukitunza. Kifunge wewe." Makasha yakawashwa kwanza, kisha seva, na diski zote zikaonekana. Irfan aliporudi aliuliza kosa lilikuwa la nani. "Lilikuwa kwenye kebo," fundi alijibu, akifunga mkoba wake.