Maziwa Niliyommiminia Mbwa

Jamani, leo nimekunywa kitu ambacho hata nikisukutua vipi hakitoki mdomoni.

Niko njiani na tela la ng'ombe kumfuata Baba Sefu mgodini Geita. Peke yangu, Sefu mgongoni, mbwa wetu nyuma.

Maksai mmoja akaanza kuchechemea. Nikaomba wa kuazima kwa Mama Kabula, mfugaji wa hapo njiani.

"Kunywa kwanza, mayu, mtoto apate cha kunyonya," akaniambia; mayu kwa Kisukuma ni mama.

Akanimiminia bakuli la maziwa ya mgando, mazito, kutoka kibuyuni.

Nikageuka, nikamwona bintiye anakinga mkojo wa ng'ombe kwenye kibuyu. Akakisukasuka, akamwaga, akakamulia maziwa humo humo.

Kumbe ndivyo wanavyoosha vibuyu!

Nikajifanya nakaza mbeleko, nikammiminia mbwa. Akalamba yote, tena kwa kelele!

"We mayu! Maziwa yangu unampa mbwa, halafu unataka maksai wangu?"

Nikapiga magoti. Akanijazia tena, akanisimamia.

Nikafumba macho, nikanywa yote. Machozi yalinitoka.

"Nikuongeze?"

Maksai nimepewa. Ila nikicheua tu, nasukutua upya.

Sefu kanyonya, kashiba, anacheka usingizini. Maskini, hajui kanyonya nini.

Semeni kweli, nyie mngekunywa?